Macho Yasiyofumba, Damu Isiyokauka: Mwongozo Kamili wa Mapambo ya Halloween kwa Vitu Vilivyotumika na Rezini

Chukua mtungi mtupu wa jemu. Usiibandue lebo yote. Acha kipande kilichochanika na kuchafuka. Ndani yake weka jicho moja lililosimama katikati ya kimiminika cha kijani ambacho hakimwagiki hata ukiupindua mtungi juu chini. Mgeni ataunyanyua, atauinamisha, atangoja jicho liyumbe. Halitayumba. Hapo ndipo mwili utamsisimka.

Naanza na mtungi huo kwa sababu unabeba karibu kila nilichojifunza kuhusu mapambo haya. Kinachotisha mara nyingi si umbo la ajabu ambalo hatujawahi kuliona. Ni kitu tunachokijua, cha jikoni au cha kabati la dawa, kilichoharibika kwa namna isiyoeleweka. Ndiyo maana vitu vilivyotumika huyashinda mapambo mapya ya plastiki: tayari vina mikwaruzo, madoa na umri. Rezini nayo, yaani kimiminika cha kemikali kinachoganda kuwa kigumu na angavu kama kioo, kazi yake ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Inaleta mambo mawili tu: unyevu usiokauka, na uwazi unaonasa mwanga. Panapohitajika mojawapo, hakuna kitu kinachoikaribia. Pasipohitajika, acha chupa zako zimefungwa, utumie gundi na rangi.

Desturi yenyewe ilianzia kwenye vitu vya nyumbani. Huko Ayalandi na Uskoti, kabla boga halijawa mfalme wa usiku wa tarehe 31 Oktoba, watu walichonga nyuso kwenye tanipu, mzizi mnene wa mviringo unaoliwa, na kuweka mwanga ndani. Wahamiaji walipofika Marekani walikuta boga, kubwa zaidi na rahisi kuchonga, wakalichukua. Makumbusho ya Taifa ya Ayalandi imehifadhi nakala ya plasta ya taa moja ya tanipu kutoka Donegal. Uso wake mdogo uliosinyaa, wenye meno machache, unanitisha kuliko boga lolote nililowahi kuliona.

Kukusanya vitu

Anza mwezi mmoja kabla. Rezini inahitaji siku za kukauka, na vitu vizuri havipatikani kwa siku moja.

Weka kando mitungi ya kioo, hasa midogo yenye mabega; chupa za dawa ya kikohozi; mabomba ya karatasi yanayobaki tishu ya choo inapoisha; kreti za mayai za karatasi; mipira ya tenisi ya meza iliyopoteza mdundo; pazia la wavu lililochanika au shashi; waya laini, nyuzi za sufu, funguo zisizo na kufuli, fremu za picha, saa iliyokufa. Aishedo iliyovunjika, ile poda ya kupaka kwenye kope, ni dhahabu kwa kazi hii. Ukiisaga ikawa unga inaipa rezini mng'aro ambao rangi ya kawaida haiwezi kuuleta. Mkaa uliosagwa hutoa weusi mzuri, chaki hutoa ukungu mweupe, na kutu iliyokwanguliwa kwenye msumari wa zamani hutoa kahawia ya kuaminika kabisa.

Vyombo vya plastiki vitakuwa kalibu zako, na hapa inabidi usome namba iliyo ndani ya pembetatu kwenye kitako. Namba 5, ambayo hupatikana sana kwenye vikopo vya mtindi, pamoja na namba 2 na 4, ni plastiki ambazo epoksi, aina ya rezini tutakayoitumia zaidi, haizing'ang'anii. Ikishakauka unavibonyeza vikopo na kipande kinatoka. Namba 6 iepuke kwa kazi hii, kwa kuwa hulainika haraka rezini ikipata joto. Kioo pia si kalibu. Epoksi ikishashika kioo imefunga ndoa nacho, na ndiyo sababu kinafaa pale tu unapotaka vibaki pamoja, kama kwenye mitungi yetu.

Osha kila kitu kwa sabuni, kisha kikaushe kweli kweli. Tone moja la maji lililojificha kwenye pembe ya chupa litaacha doa jeupe ndani ya rezini, na doa hilo halitoki tena. Mimi huviacha vioo vimefunikwa kifudifudi usiku mzima, halafu navipitishia draya ya nywele asubuhi.

Kuijua rezini kabla ya kuishika

Ziko aina tatu utakazokutana nazo. Ya kwanza ni epoksi, yenye chupa mbili: rezini yenyewe na kigumishi. Ndiyo nitakayoitumia katika sehemu kubwa ya mwongozo huu. Ya pili ni rezini inayogandishwa na taa ya miale ya urujuanimno. Haina kuchanganya, hukauka kwa dakika chache, lakini inafaa kwa tabaka nyembamba tu, maana mwanga usipofika chini, chini kunabaki maji. Ya tatu ni ya poliesta. Hiyo siishauri ndani ya nyumba. Harufu yake ni kali, na huyeyusha vitu vya povu la polistirini.

Epoksi nayo imegawanyika. Ipo ya kupaka juu, ambayo humwagwa kwa kina kisichozidi sentimita 1 hivi kwa mara moja, na ipo ya kumwaga kwenye kalibu, nyepesi zaidi, inayovumilia kina kikubwa. Soma maelezo ya chupa yako na uyafuate hata pale yanapotofautiana na ninayoandika hapa, kwa sababu kila mtengenezaji ana uwiano wake na muda wake.

Sasa usalama, na naomba usiruke aya hizi. Epoksi mbichi inaweza kuufanya mwili ujenge mzio. Unaweza kuigusa mara kumi bila tatizo, na mara ya kumi na moja mikono ikavimba na kuwasha, na mzio huo ukishaingia haukuachi. Vaa glavu za nitrili, si zile za mpira wa kawaida, na uzibadilishe zinapochafuka. Fanya kazi penye hewa inayopita. Ukiwa kwenye chumba kidogo, vaa barakoa yenye chujio la mvuke wa kemikali, kwani barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Ikikugusa kwenye ngozi, futa na uoshe kwa sabuni na maji. Usitumie spiriti wala tina kwenye ngozi, kwani husaidia kemikali kupenya. Spiriti ni ya kusafishia vifaa.

Watoto wasiguse rezini mbichi. Wapo wengi wanaotaka kushiriki, na zipo kazi za kuwapa: kuchana karatasi, kupaka kreti za mayai rangi nyeusi, kuandika lebo za mitungi kwa mwandiko wa kutetemeka. Mwandiko wa mtoto wa miaka saba kwenye lebo ya "MACHO YA CHURA" una uzito ambao mtu mzima hawezi kuuiga.

Kupima na kuchanganya

Makosa mengi ya rezini yanatokea hapa, ndani ya dakika tano za kwanza.

Kwanza jua utahitaji kiasi gani. Jaza maji kwenye kalibu au mtungi hadi kimo unachotaka, yamwage kwenye kikombe chenye alama za mililita, usome. Kisha kausha chombo kabisa. Kama jumla ni mililita 60 na uwiano wa chupa yako ni 1 kwa 1 kwa ujazo, utahitaji mililita 30 za kila upande. Angalia sana kama uwiano umetajwa kwa ujazo au kwa uzito. Kigumishi kwa kawaida ni chepesi kuliko rezini, hivyo ujazo sawa hauna uzito sawa, na anayepima kwa mizani uwiano ulioandikwa kwa ujazo anajitafutia kipande kitakachonata daima. Kuongeza kigumishi ili ikauke upesi hakusaidii hata kidogo. Kila sehemu ya kigumishi inahitaji sehemu yake ya rezini ili ifungane nayo. Inayozidi inabaki inaelea bila mwenzake, na hiyo ndiyo nata unayoisikia kidoleni.

Joto la chumba liwe kati ya nyuzi 21 na 25 za Selsiasi. Chumba kikiwa baridi, weka chupa zilizofungwa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10, kisha zifute zikauke kabla ya kuzifungua. Rezini yenye uvuguvugu ni nyepesi na viputo vinapanda vyenyewe. Siku ya mvua na unyevu mwingi hewani, ahirisha ikiwezekana, kwani unyevu huleta ukungu na utando wa mafuta juu.

Koroga polepole kwa dakika 3 hadi 5. Usipige kama unayepiga mayai. Kwangua kuta na kitako cha kikombe kwa kijiti chenye ncha bapa, kisha mimina yote kwenye kikombe cha pili kisafi na ukoroge dakika moja zaidi. Kikombe cha pili huonekana kama usumbufu, ila kinakuokoa na ile rezini isiyochanganyika inayong'ang'ania ukutani mwa kikombe cha kwanza. Mwanzoni utaona mistari kama ya sukari inayoyeyuka ndani ya maji. Ikitoweka yote, iko tayari, na rangi iingie sasa.

Rangi za unga ndizo salama zaidi. Rangi ya akriliki ina maji, kwa hiyo tumia kiasi cha ncha ya kijiti cha meno tu. Jumla ya rangi yoyote isizidi sehemu 5 kwa 100 za mchanganyiko.

Na jambo moja la hatari: usiache mchanganyiko mwingi ukikaa kwenye kikombe chembamba. Epoksi hutoa joto inapoganda, na ikiwa imerundikana joto halina pa kutokea; kikombe kinaweza kuyeyuka na kufuka moshi. Changanya kidogo kidogo; mchanganyiko ukiwa mwingi, umwage mara moja.

Macho

Hiki ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote, na ndicho ningependa uanze nacho, kwa kuwa kinatumia rezini kidogo sana na kinakufundisha tabia zake zote.

Chukua mpira wa tenisi ya meza. Ukwangue uso wote kwa msasa laini hadi upoteze mng'aro, kwa sababu rezini hushika vizuri penye mikwaruzo. Usimamishe juu ya kifuniko cha chupa usiviringike. Mipira ya zamani ilitengenezwa kwa seluloidi, inayowaka kwa kasi ya kutisha, kwa hiyo kwenye kazi hii usikaribishe moto wa aina yoyote.

Nyeupe yake ni safi mno. Jicho la kiumbe lina manjano karibu na pembe na wekundu hafifu chini, basi chukua sifongo, chovya kwenye rangi ya akriliki ya manjano-kahawia iliyozimuliwa sana na maji, gusa hapa na pale, futa, gusa tena. Acha ikauke kabisa.

Mboni, yaani duara lote lenye rangi, ndiyo roho ya jicho. Chora duara la milimita 18 hadi 20. Anza na rangi nyeusi kote, kisha vuta mistari myembamba kutoka ukingoni kwenda katikati, kwanza ya rangi iliyokolea, halafu nyepesi, halafu michache iliyo karibu na nyeupe. Ukingo wa nje uuache mweusi. Katikati weka tundu jeusi. Kwa jicho la binadamu liwe duara. Kwa la paka liwe mfereji wa wima. Kwa la mbuzi liwe mstatili uliolala. Niamini kuhusu la mbuzi. Watu hulitazama, hawajui kwa nini linawasumbua, wanarudi kulitazama tena.

Mishipa ya damu haipakwi kwa brashi. Chukua uzi wa sufu nyekundu, uutenganishe nyuzinyuzi hadi ubaki na unyoya mmoja mmoja, kisha ulaze juu ya gundi nyeupe iliyozimuliwa, kutoka nyuma ya mpira kuja mbele, ukiacha nafasi kabla ya kufika kwenye mboni. Unyoya wa sufu hujipinda wenyewe kama mshipa, na mkono wa mchoraji hauwezi kuiga hilo. Ngoja gundi ikauke iwe kama kioo.

Sasa rezini. Changanya kiasi kidogo unachoweza kupima kwa usahihi, yaani mililita 10 hivi za jumla. Chini ya hapo kosa dogo la kipimo linakuwa kubwa. Ngoja dakika 15 hadi 20 izidi kidogo kuwa nzito. Kwa kijiti, weka matone katikati ya mboni, uyasukume taratibu hadi ukingo wa duara na usimame hapo. Rezini itajishikilia yenyewe na kupanda kama kuba. Kuba hiyo ndogo hufanya kazi ya lenzi: inaikuza mboni na kuifanya ionekane inakufuata kila unakokwenda. Viputo vitoe kwa ncha ya sindano. Funika kwa sanduku ili vumbi lisitue, na uache saa 24. Kesho yake changanya tena kidogo, upake tabaka jembamba jicho zima kwa kidole chenye glavu. Litang'aa kama lililotoka kutokwa na machozi.

Macho ya ziada yapachike kwenye kreti ya mayai iliyopakwa nyeusi, moja kwa kila tundu, yakitazama upande mmoja. Yote yatazame upande mmoja. Yakitazama ovyo yanakuwa vinyago vya watoto. Yakitazama mahali pamoja, yameona kitu.

Mitungi ya mchawi

Hapa mtego ni papara. Mtungi wa mililita 200 ukijazwa kwa mkupuo mmoja utapata joto, utajaa viputo, na kioo kinaweza kupasuka. Mwaga kwa tabaka za sentimita 1. Tabaka linalofuata liingie pale la chini linaponata bila kuchafua kidole, kwa kawaida saa 3 hadi 5 baadaye. Kwa wakati huo tabaka mbili hushikana kana kwamba ni moja na mstari hauonekani.

Tumia mgawanyiko huo wa tabaka kwa faida yako. Chini weka rangi nzito ya tope: mkaa kidogo, kutu, vijiti vilivyokauka. Juu yake kijani chenye ukungu wa chaki. Juu zaidi, kijani kilichofifia hadi kuwa karibu maji. Kitu chako, jicho au ufunguo au jino la plasta, kiweke baada ya tabaka la pili ili kiwe na pa kukaa, kisha umwage tabaka zinazofuata, moja moja, kukizunguka na la mwisho kukifunika. Jicho la mpira lina hewa ndani na litataka kuelea; likandamize kwa kijiti kilichofungwa kwa utepe wa gundi mdomoni mwa mtungi hadi tabaka linalolizunguka ligande.

Chochote kilichotoka kwenye mmea kiwe kimekauka kabisa, na kipakwe gundi nyeupe au rezini nyembamba kabla ya kuzamishwa. Jani likiingia bila kupakwa hutoa viputo usiku kucha. Karatasi nayo, isipopakwa gundi pande zote mbili, hunywa rezini na kugeuka kama iliyodondokewa na mafuta. Ingawa kwa kipande cha barua ya zamani ndani ya mtungi, doa hilo la mafuta linapendeza, na wakati mwingine mimi huliacha kwa makusudi.

Unga unaong'aa gizani ukitaka kuutumia, chagua ule wa strontiamu aluminati wa rangi ya kijani; hunyonya mwanga mchana na kuutoa kwa saa kadhaa usiku. Ni mzito, huzama. Ukoroge ndani rezini inapofikia unene wa asali, nao utabaki umeenea.

Damu

Damu ya kwenye mapambo mengi inaharibiwa na wekundu wake. Damu halisi ina giza. Kwa mililita 30 za rezini, weka rangi nyekundu inayopitisha mwanga, kisha kahawia kidogo, kisha bluu kiasi cha ncha ya kijiti cha meno. Tandaza tone kwenye karatasi nyeupe: pembeni pawe pekundu, katikati papate weusi. Hapo umefika.

Mishumaa ya damu ni mabomba ya karatasi ya tishu yaliyokatwa kwa urefu tofauti. Dondoshea gundi ya moto ukingoni iteremke kama nta, paka rangi ya mfupa, ikauke. Halafu changanya damu na ungoje. Hii ndiyo siri yake yote, kungoja. Rezini mbichi itateremka hadi mezani na kuacha alama nyembamba isiyo na maana. Baada ya dakika 25 hadi 35, kutegemea aina na joto, inakuwa nzito kama asali. Ukiimwaga ukingoni inateremka kwa uvivu, inasimama njiani, inakusanyika kuwa tone nono linaloning'inia. Tandika karatasi ya kuokea chini yake. Matone yatakayofika kwenye karatasi, yaache yagande na uyabandue: ni vidimbwi vya damu vya kuweka sakafuni, vinavyoondoka bila doa.

Ndani ya mishumaa hii weka taa ndogo za betri, kamwe usiweke moto. Karatasi inawaka, na epoksi nyingi za ufundi huanza kulainika karibu nyuzi 50 za Selsiasi. Chagua taa ambazo kifuniko cha betri kinafungwa kwa skrubu. Betri ndogo za mviringo zikimezwa na mtoto zinaweza kuunguza umio ndani ya saa 2, na usiku huo nyumba imejaa watoto.

Buibui ndani ya kaharabu

Kaharabu ni utomvu wa miti wa kale ulioganda kama jiwe; hapa tunauiga kwa rezini. Mwili wa buibui ni gundi ya moto iliyoviringwa au shanga mbili. Miguu minane ni waya laini uliozungushiwa uzi mweusi. Usitumie mdudu halisi kama hajakauka kwa wiki kadhaa, kwa kuwa maji ya mwilini mwake hutia ukungu pande zote.

Kalibu ni kikopo cha mtindi kilichokatwa. Rangi ni kahawia yenye manjano, hafifu sana, maana kina kitaikoleza. Mwaga sentimita 1, ngoja inate, mlaze buibui kifudifudi, mguu mmoja ukiinuka kidogo kana kwamba alinaswa akikimbia. Mwaga la pili. Kwa mara hii pekee viputo viache, kwani kaharabu ya kweli huwa navyo. Baada ya saa 48 kitoe, vunja ukali wa kingo kwa msasa chini ya maji ili vumbi lisipae, kisha ukipake rezini nyembamba kirudi kung'aa.

Mzuka usiohitaji rezini

Wengi huchovya shashi kwenye rezini ili isimame. Ni upotevu, inakuwa nzito na inang'aa, na mzuka haung'ai. Changanya gundi nyeupe sehemu 2 na maji sehemu 1, chovya pazia la wavu, kamua, litundike juu ya mpira uliowekwa kwenye shingo ya chupa ndefu, tandaza mikunjo, uache usiku mzima. Asubuhi vuta chupa. Nguo imesimama, mtu hayupo. Chana pindo kwa vidole, usikate kwa mkasi.

Rezini ikigoma

Ikinata baada ya siku mbili, kwanza ipeleke mahali penye joto zaidi kwa siku moja. Ikibaki inanata, kipimo au ukorogaji ulikosewa: kwangua iliyo laini, futa kwa spiriti, upake tabaka jipya lililopimwa vizuri. Utando wa mafuta juu huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Mashimo kama ya ngozi ya chungwa hutokana na vumbi, mafuta au nta iliyokuwa chini. Kwangua kwa msasa wa namba 220, futa, paka tena. Viputo vya juu huondoka kwa hewa ya moto inayopitishwa haraka kutoka umbali wa sentimita 15, ila si kwenye mpira wala karatasi.

Usimwage rezini mbichi kwenye sinki. Mabaki yatandaze kwenye mfuko wa plastiki, yagande, ndipo yatupwe. Vikombe vya plastiki namba 5 viache rezini iliyobaki igande ndani, ukivibonyeza inatoka kama kombe dogo la kioo, nacho kikombe unakitumia tena.

Kupanga na kuhifadhi

Mwanga uweke chini. Tumezoea kuona nyuso na vitu vikimulikwa kutoka juu. Taa ndogo nyuma ya mtungi au chini ya kreti ya macho hugeuza vivuli vyote, na hilo peke yake lina nguvu kuliko mapambo kumi zaidi. Zima taa kubwa ya chumba. Usijaze meza. Mtungi mmoja wenye jicho kati ya mitungi ya kawaida ya viungo, pale pale unapokaa siku zote, utamshtua mtu kuliko rafu nzima ya mafuvu.

Sikukuu ikiisha, futa vumbi kwa kitambaa kikavu na ufunge kila kipande kwa karatasi ya kuokea, si gazeti, kwani rezini ikipata joto karatasi ya gazeti huganda juu yake na kuacha maandishi. Weka gizani na penye ubaridi, kwa sababu jua huigeuza epoksi kuwa ya manjano. Macho yawe juu kabisa ndani ya sanduku, yakitazama kifuniko.